Wimbo wa Sengi na Kabati la Bujiku

Somanda, Bariadi
8 Septemba 2024

Sengi wangu,

Kabla sijakuamkia ipasavyo, nikuambie kwamba ile miguu bado naisikia. Nilikuwa mtoto, nimekaa chini pale Migato, vumbi mpaka kwenye kope, wewe unaimba mbele yangu, na nyuma yangu watu wote wakageuka wakaanza kuondoka. Hawakukimbia. Ilikuwa sauti ya mtu anayemwaga gunia la choroko juu ya turubai, polepole, na gunia haliishi. Nimesoma Dar es Salaam, nimekaa karibu na barabara ya malori, nimepanga jirani na ukumbi wa harusi. Hakuna kelele iliyoifunika sauti ile.

Basi, mwangaluka, Sengi. Sisi huku wazima. Kaka yako Bundala, yaani baba, goti linamsumbua lakini fimbo ameikataa, anasema fimbo ndiyo humzeesha mtu. Mama anakusalimu na anauliza kama sweta lilikutosha. Goodness wa baba mdogo ameolewa Maswa. Ng'ombe wa mahari walifika wote, ila mmoja aliamua kurudi kwao peke yake, na mpaka leo koo mbili zinatembeleana kwa heshima kubwa kumzungumzia ng'ombe huyo.

Sasa jambo lenyewe. Najua barua zako husomwa kwanza na Mama Mkuu, na kwamba ndani ya kuta zenu hakuna simu, hivyo naeleza polepole, pia kwa ajili yake. Nimefungua kampuni ndogo ya vitabu. Inaitwa Uwanja. Iko katika chumba nyuma ya duka la dawa za pamba, hivyo kila anayekuja kuniona hutoka akipiga chafya. Kanuni yangu ni moja: sichapi shairi ambalo halijawahi kusimama mbele ya watu. Kama mwenyewe hajaliimba wala kulighani, watu wakamtazama, mimi silitaki.

Kitabu cha kwanza ni cha Bujiku. Ndiyo, Bujiku yuleyule. Mama Mkuu, pole kwa kukuingiza katika haya: huku kwetu baada ya mavuno vikundi viwili vya ngoma, Bagalu na Bagika, hucheza kwa wakati mmoja katika pande mbili za uwanja mmoja. Watu huenda upande wanaoupenda, na upande unaobaki na watu ndio umeshinda. Sengi, yaani shangazi yangu, alikuwa manju wa Bagalu, mtunzi na mwimbaji wao. Bujiku alikuwa manju wa Bagika. Siku ile Bujiku aliletwa uwanjani akiwa ndani ya kabati la vyombo lenye milango ya vioo, limebebwa na vijana, naye anaimba humo humo. Watu wakaenda kumwangalia mtu aliye kabatini. Ndiyo miguu ninayoisema.

Sengi, nataka wimbo ulioimba siku ile uwe kitabu cha pili. Naukumbuka wote, maana niliyebaki ni mimi. Lakini sichapi maneno ya mtu bila ruhusa yake. Niambie ndiyo.

Mtoto wa kaka yako,
Milembe

*

Monasterini
29 Septemba 2024

Milembe mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako imefika, imefunguliwa kwa wembe kwa uangalifu kama kawaida. Mimi ni mzima. Kifua kinanibana asubuhi kwa sababu ya ukungu, lakini saa ya kuimba zaburi kinafunguka. Sweta lilinitosha, mwambie mama yako wabeja, asante sana. Tumepata sungura. Tuliambiwa ni majike watupu, na sasa wamezaa.

Bundala achukue fimbo. Aliyezeeka ni yeye, fimbo haihusiki.

Nimefurahi kwamba una kazi ya mikono na akili. Usikae sana karibu na dawa za pamba, fungua dirisha.

Kuhusu lile uliloniuliza, mvua huku bado hazijaanza, lakini mawingu yapo.

Mama Anyes, ndiye Mama Mkuu wetu, anauliza kama kabati lilikuwa na rafu ndani au zilitolewa. Anasema bila kujua hilo hawezi kupata picha.

Nakuombea,
Sengi wako, Sista Yusta

*

Somanda, Bariadi
10 Novemba 2024

Sengi wangu,

Wazima wote. Goti la baba ni lilelile. Yule ng'ombe amerudishwa Bariadi kwa sherehe, akakaa siku ya karamu tu, akaondoka tena. Mumewe Goodness anasema sasa ni suala la tabia ya ng'ombe, si la familia.

Mwambie Mama Anyes rafu zilitolewa zote isipokuwa ya chini, ambayo Bujiku aliikalia.

Sengi, tumezindua kitabu, na nina habari ambayo nimeizunguka siku nyingi kama mtu anayezunguka nyumba akitafuta mlango. Nilikodi ukumbi hapa Somanda. Bujiku alisema hataghani amesimama kama mwalimu. Kabati lake liletwe au kitabu kibaki. Likaletwa kwa toyo ya magurudumu matatu, likiwa na vikombe vya mkewe ambavyo hakuna aliyekumbuka kuvitoa. Saa ya kuanza nilikuwa mimi, mama, na mwenye ukumbi. Baadaye lori la mbegu za pamba likaegesha mbele ya ukumbi na watu wakapanga foleni barabarani, halafu mvua ikashuka. Ukumbi ukajaa mpaka madirishani. Bujiku akaimba kabatini, vikombe vikigongana, na hakuna hata mmoja aliyeondoka. Nilisimama ukutani nikiisubiri ile sauti ya miguu. Haikuja.

Siku ile kitabu hakikununuliwa. Watu walishika mbegu zao wakaenda. Lakini juma lililofuata walianza kuja mmoja mmoja chumbani kwangu, kutoka Migato na vijiji vya Itilima, wazee kwa vijana, na kila mmoja anataka kitabu cha Bujiku. Hawabishani bei, hawafungui kuangalia ndani. Wanakipokea kwa mikono miwili na kukifunga kwenye nailoni. Vimekwisha vyote. Nililia, Sengi. Walimu wangu chuoni walisema watu wetu hawasomi.

Nakuambia haya kwa sababu baba ameniwekea mpaka. Pango la chumba analipa yeye. Amesema pamba ya msimu huu ikishavunwa hatalipa tena, na amenijazia maombi ya kazi ya kutunza majalada kwenye ofisi za serikali Lagangabilili. "Karatasi ni karatasi," ameniambia. Nisipokuwa na kitabu cha pili kabla ya mavuno, Uwanja inafungwa. Kitabu hicho ni chako au hakuna.

Uliniambia habari za mawingu. Nakuuliza tena.

Milembe

*

Monasterini
27 Novemba 2024

Milembe mwanangu,

Amani. Naandika kwa haraka kwa kuwa Majilio yanaanza, na wakati huo hatuandiki wala hatupokei barua mpaka sikukuu zipite. Kifua kimetulia. Sungura wamezaa tena. Tumemwandikia aliyetuuzia.

Mvua zimeanza vizuri.

Umesema watu wa Migato wananunua kitabu bila kukifungua na kukifunga kwenye nailoni. Mimi nimezaliwa Migato. Nenda kaangalie wanakisomea wapi.

Mama Anyes anauliza kama vikombe vilivunjika.

Sengi wako, Sista Yusta

*

Somanda, Bariadi
20 Januari 2025

Sengi wangu,

Heri ya mwaka. Mama alipata malaria wakati wa Krismasi, amepona. Baba ameanza kutumia mwavuli kama fimbo, na anasema ni kwa ajili ya jua. Vikombe vilivunjika viwili, na mke wa Bujiku amenitumia salamu ambazo sitaziandika katika barua inayoingia monasterini.

Nimekwenda Migato.

Nilimkuta Bujiku nyumbani kwake akikamua. Nilimwambia nataka kuwaona wasomaji wake, niwaulize ni shairi gani limewagusa. Aliweka ndoo chini, akanipeleka kwa miguu hadi uwanja wa ngoma. Hakukuwa na mtu. Majani yalikuwa yameota hadi magotini. Akachukua kijiti, akachokonoa udongo kwenye kona ya magharibi, na ikatokea nailoni, na ndani ya nailoni nikaona jalada nililolichagua mwenyewe, rangi niliyobishana na mchapaji wa Mwanza nusu siku.

"Hapa kipo kimoja," akasema. "Pale kwenye njia ya kuingilia kipo kingine. Cha katikati tumekilaza na mizizi yetu."

Sengi, wamevizika. Walisikia kwamba Somanda kitabu cha Bujiku kililetwa ukumbini, watu wakaingia, na hakuna aliyetoka. Wakaona hiyo ndiyo dawa ya kuvuta watu waliyokuwa wakiitafuta tangu enzi za babu zao. Kila kikundi cha Bagika katika Itilima kimezika cha kwake kwenye uwanja wake. Niliwaeleza habari za lori la mbegu. Bujiku alisema mbona lori la mbegu huja kila mwaka.

Nikamwuliza kama kuna hata mmoja aliyekisoma kabla ya kukizika. Alinitazama kwa huruma.

"Milembe, chungu cha dawa ukikifunua kila saa, kitabaki na nini?"

"Lakini ni nyimbo zako, mzee."

"Zangu nazijua. Nizisome za nini?"

Nilirudi Bariadi nyuma ya bodaboda nikiwa nimefumba macho. Nilitaka msomaji mmoja. Sikutaka wengi.

Na bado hayajaisha. Siku chache baadaye alikuja Novatus, ambaye sasa ndiye kiongozi wa Bagalu, upande wako wa zamani. Jumapili husoma somo la kwanza kanisani kwa sauti nzuri sana. Alikaa kwenye kiti changu cha pekee, akapiga chafya, akasema Bagalu nao wanataka kitabu, cha mashindano ya Migato baada ya mavuno, na kiwe kinene.

"Cha Bujiku ni chembamba na angalia kilivyofanya," akasema. "Sisi tunataka kama Biblia."

Nikauliza ndani kiwe na nini. Akasema hayo ni ya kwetu wasomi, mradi jina la Bujiku lisiwemo. Nikauliza tena, wanataka nyimbo za nani.

"Binti, hakitafunguliwa," akanijibu taratibu, kama anayemweleza mgonjwa.

Baba alipopata habari alifurahi kwa mara ya kwanza tangu nirudi kutoka chuo. Anasema niweke karatasi nyeupe tupu. Karatasi nyeupe hazihitaji kuhaririwa, hazina makosa, hazimkasirishi mtu, na hazimdai mwandishi. Nimelala na hoja hiyo na nimeamka nayo, ila najua kwamba mkono wangu hautafanya hivyo. Nikipeleka karatasi tupu zikazikwe, basi ofisi ya Lagangabilili ni afadhali, kwa maana kule angalau majalada yana majina ya watu.

Kwa hiyo nakuuliza mara ya tatu, na safari hii usinijibu kwa mvua. Kwa nini hutaki? Na kwa nini ulikwenda huko mwaka uliofuata? Nyumbani wanasema uliitwa. Wakidhani sisikii, wanasema ulishindwa na kabati.

Milembe

*

Monasterini
24 Februari 2025

Milembe mwanangu,

Amani ya Bwana. Naandika kabla ya Kwaresima kutufunga midomo. Mama yako anywe dawa zote mpaka ziishe, asiache akijisikia nafuu. Sungura tumewapa jina moja wote, imetusaidia.

Umeniuliza mara tatu, nami nimekujibu kwa hali ya hewa. Sasa nitakujibu, na Mama Anyes ameniruhusu kutumia karatasi ya ziada.

Wanaosema nilishindwa wamesema kweli. Nilishindwa. Wengine walisema ni kwa sababu nilikataa dawa, kwa kuwa nilikuwa mbatizwa. Labda. Mimi nafikiri ni kwa sababu mtu ndani ya kabati ni jambo la kuangaliwa, hata mimi nilitamani kwenda kuangalia.

Lakini hayo siyo yaliyonileta huku. Miaka yote niliyoimba, kila mstari niliutoa nikitazama nyuso. Nikiona uso umechoka, nakata ubeti. Nikiona mtu anageuza kichwa, naongeza tusi kwa Bagika, maana matusi hurudisha watu. Sikujua kwamba wimbo wangu wote ulikuwa unatungwa na shingo za watu. Siku ile shingo ziligeuka zote pamoja. Nilikuwa na beti nne zimebaki. Aliyebaki ni wewe, umekaa unatafuna muwa, na sina hakika kama ulikuwa unanisikiliza au unamaliza muwa kwanza. Nikaziimba beti zile bila kumtazama mtu. Ndipo nikaisikia sauti yangu. Nilikuwa mtu mzima na sikuwa nimewahi kuisikia.

Wewe umebaki na miguu inavyoondoka. Mimi nilibaki na kile kilichokuwepo ilipokwisha. Nilirudi uwanjani mavuno yaliyofuata, sikukipata, kulikuwa na watu wengi mno. Basi nikatafuta mahali ambapo huimbwa saa zilezile kila siku, na hakuna anayekuja wala anayeondoka.

Kwa hiyo sitaki kusomwa. Kitabu ni watu waliosimama wanangoja, hata kama hawaonekani. Nikijua kwamba mtu fulani huko Shinyanga amefungua ukurasa, shingo yake itaniingia kichwani wakati wa zaburi. Sipendi nisomwe na mtu yeyote. Hilo ndilo jibu langu, na sina chuki.

Muwa ule ulinunuliwa na mimi.

Sengi wako, Sista Yusta

Mimi ni Sista Anyes. Si desturi yangu kuandika chini ya barua za masista. Sina maoni katika suala hili. Nataja tu, kama jambo la utaratibu, kwamba nimezisoma kanuni za nyumba hii kutoka mwanzo hadi mwisho, na sikuona mahali zinapozungumzia kitabu ambacho hakuna atakayekifungua. Pole ya vikombe.

*

Somanda, Bariadi
6 Julai 2025

Sengi wangu,

Salaam kutoka kwa wote. Mama mzima. Goti la baba limepona, na mwavuli ameendelea nao. Pamba imevunwa, si mbaya. Ng'ombe wa Goodness amezaa huko kwao, na sasa swali ni ndama wa nani, hivyo wazee wanakutana tena na wanaonekana wamefurahi.

Nilikaa kimya tangu Kwaresima kwa sababu nilikuwa nafanya jambo, na sikutaka kulizungumza kabla halijafanyika. Sasa limefanyika.

Nilisoma barua yako, na maneno ya Mama Anyes chini yake, mpaka karatasi ikalegea kwenye mikunjo. Wewe hutaki kusomwa na mtu yeyote. Novatus anataka kitabu ambacho hakitafunguliwa na mtu yeyote. Katika nchi nzima hakuna mwandishi na wanunuzi waliokubaliana kama ninyi, na aliyekuwa amesimama katikati akizuia ni mimi, ninayetaka msomaji. Nikatoka katikati.

Nimechapa wimbo wako. Nimeandika beti zote, na zile nne za mwisho nimezipa nafasi pana. Tatizo ni kwamba wimbo ni mfupi na Bagalu walitaka unene wa Biblia. Sikuongeza maneno yangu wala ya mtu mwingine. Nimeuchapa wimbo uleule tena na tena, kutoka jalada hadi jalada. Mchapaji wa Mwanza alipiga simu kuniambia mashine yao imekwama ukurasa mmoja. Nikamwambia iache ikwame. Jina lako halimo. Novatus alivipima vitabu kwa mkono, akasema huu ndio uzito, na vikazikwa Migato upande wa mashariki, ambako Bagalu walikuwa wamepangiwa kuchezea. Nilikuwepo. Nilivilaza kwenye udongo mimi mwenyewe.

Mashindano yalikuwa Jumamosi ya juma lililopita. Watu walikuwa wameshajaa na ngoma zimeanza kupashwa moto wakati mtendaji wa kata alipotangaza kwamba mgeni rasmi anasumbuliwa na jua la usoni, jukwaa limegeuzwa, na kwa hiyo pande zibadilishane: Bagalu waende magharibi, Bagika waje mashariki. Sengi, ungeona nyuso. Bagalu walikuwa wanapelekwa juu ya vitabu vya Bujiku, na Bagika juu ya vyako. Hakuna aliyeweza kusema kitu, kwa sababu kusema ni kukiri, na Novatus angelazimika kukiri mbele ya padri. Wakabadilishana kimya kimya kama watu waliokaa viti visivyo vyao harusini.

Mimi sikubadilisha. Nilibaki mashariki, nimesimama mahali nilipokulaza. Mwanzoni watu walikuwa kwa Bagalu, magharibi, nami nilikuwa karibu peke yangu. Ndipo vijana wa Bagika wakalileta kabati. Lilelile, limepakwa vanishi upya. Bujiku ndani yake, mzee sasa, magoti kifuani.

Na miguu ikageuka. Ni sauti ileile, choroko juu ya turubai, gunia lisiloisha. Nimeisikia miaka yote ikienda mbali na mgongo wangu. Jumamosi ilikuja usoni. Ilikuja mpaka ikanizunguka, ikasimama, na watu wote wa Migato wakawa wamesimama juu ya wimbo wako bila hata mmoja kukutazama. Sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Bujiku hakumaliza. Vioo viliingia ukungu kwa pumzi yake, hatukumwona tena, kisha tukasikia anagonga. Walipomfungulia alikaa kwenye ukingo wa kabati akivuta hewa, na akaniona.

"Yusta aliimba nini siku ile?" akaniuliza. "Humo ndani sikusikia kitu. Vioo. Nimetaka kumwuliza mtu miaka yote, nikaona aibu."

Sikuweza kumwambia maneno, kwa sababu yako. Nikamwambia wimbo uko chini ya miguu yake.

Alitazama chini. Aliinua mguu mmoja, kisha akainua mwingine, akakosa pa kuuweka, na mwishowe akairudisha yote miwili kabatini na kufunga mlango taratibu.

Ubishi unaendelea mpaka leo. Bagika wanasema wameshinda kwa kuwa watu walikuwa kwao. Bagalu wanasema walioshinda ni wao kwa kuwa dawa iliyovuta watu ni yao, ila haya wanayasema kwa kunong'ona. Mgeni rasmi alimpa mtendaji kombe alitunze hadi uamuzi upatikane. Wote wawili, Bujiku na Novatus, wamekuja chumbani kwangu kwa nyakati tofauti kuagiza vitabu vya mwakani, na kila mmoja anataka kiwe kinene kuliko cha mwenzake.

Barua ya kuitwa kazini Lagangabilili ilifika mwezi uliopita. Nimeirudisha kwa mkono wangu, pamoja na shukrani. Asubuhi yake baba aliniuliza kama Bagika wamesema wanataka jalada gumu au laini.

Lakini sijakuandikia kwa ajili ya hayo. Nakala moja haikuzikwa. Sikuiweka kwangu, kwa kuwa najijua. Nimeishona pande zote tatu kwa uzi wa gunia na sindano ya magunia ya pamba, haifunguki bila kisu, na hata mimi sijaifungua tangu itoke Mwanza. Mama Anyes, najua wewe ndiye mwenye wembe. Sikuombi kitu.

Nimeipeleka posta Alhamisi, kabla ya kuandika barua hii, ili Sengi asipate nafasi ya kunikataza. Ukisoma hapa, itakuwa iko mezani.

Milembe